Picha Haikuteleza

Mwanangu Salma,

Umekwenda Katonga na pacha wako Bukuru kuwaaga kina Zaituni. Mama yako mdogo, Speransia, amejinyoosha chumbani kwangu kwa sababu miguu imemvimba tangu alipofika. Mimi nimebaki karakanani. Nimefagia vipande, nimekung'uta blanketi la meza ya kukatia vioo, nimetandika gazeti juu yake, na sasa ninaandika. Jua bado liko juu. Basi lenu la kwenda Manyovu, mpakani, linaondoka kesho alfajiri, na nikingoja giza liingie nitaogopa.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kuweka vyeti vyako vya shule mahali pakavu, wala za kifua chako wakati wa baridi. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Nilikuwa nayasema ili nisiseme hili.

Juzi tukiwa tunakula ulimuuliza Speransia kwa nini mama aliyekuzaa hakukutafuta. Speransia akasema alikutafuta, ndiyo maana picha ya Bukuru ilibandikwa kwenye ubao wa ile ofisi ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Ukaweka tonge chini. Ukasema, "Alibandika picha moja, akaondoka. Mtu anayetafuta hurudi kuangalia. Alikuwa na mmoja, akatosheka."

Speransia hakukujibu kwa sababu hajui. Bukuru alilia. Mimi niliinuka kwenda kuongeza mboga ambayo hakuna aliyeiomba.

Mama yako alizikwa miaka miwili iliyopita, hawezi kujitetea. Katika watu wote walio hai ni mimi peke yangu ninayejua kama alirudi kuangalia au hakurudi. Hilo ndilo ninalotaka kukuandikia. Lakini nikianza nalo hutasoma mengine, na ninataka usome mengine. Hata hapa najipendelea, unaona.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na matokeo hayakunifikisha chuo. Nilirudi Ujiji na sanduku la vitabu, nikimkasirikia kila mtu aliyenipa pole. Babu yako, fundi Rajabu, alikuwa ameumia mwaka huohuo. Kioo kilimponyoka akiwa kwenye ngazi kikamkata mshipa wa kiganja cha kulia, na vidole viwili havikukunjika tena. Hakuniomba nimsaidie. Aliniita tu nishike upande wa pili wa kioo. Kesho yake akaniita tena, na keshokutwa, mpaka siku moja nikajikuta mimi ndiye ninayekata na yeye ndiye anayeshika.

Vioo vilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam katika makasha ya mbao yaliyoshindiliwa majani makavu. Kabla ya kulipokea kasha, babu yako aliligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kilichovunjika kilimwitikia. Alinifundisha kuchovya almasi, kile kikatio chetu cha gurudumu dogo, katika mafuta ya taa, kuweka rula, na kuvuta mstari mara moja tu, kwa nguvu ileile kutoka mwanzo mpaka mwisho. Unaujua mlio wake. Ukirudia mstari, kioo hupasuka kinakotaka chenyewe. Mimi nilikuwa narudia. Mstari ule hauonekani vizuri, na sikuweza kuamini kwamba jambo lisiloonekana limekwisha kufanyika. Niliharibu vioo vingi kabla ya kukubali kwamba mkono ukishapita, umepita.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa Kidahwe. Sijawahi kukusimulia. Tulipata kazi ya kuweka vioo kwenye shule moja kule, babu yako akashikwa na malaria, nikaenda peke yangu. Fremu zilikuwa za mbao mbichi. Alikuwa ameniagiza nipunguze milimita tatu kila upande, kioo kipate nafasi, puti, ule udongo wa mafuta wa kushikiza kioo, ijaze kilichobaki. Niliona huo ni ulegevu wa wazee. Nilikata kwa kipimo cha fremu yenyewe. Kila kioo kiliingia kwa kubanwa, hakukuwa na pengo hata la kupitisha uzi. Mwalimu mkuu alinisifu, akasema ndiyo faida ya kusoma. Mvua zilipoanza, mbao zikavimba, na vioo kumi na kimoja vikapasuka kimoja baada ya kingine.

Nilipoitwa kuviangalia, mwalimu mkuu alinieleza kwa masikitiko kwamba wanafunzi wamevipiga mawe. Alikuwa ameshawapa watano adhabu ya kufyeka nyasi wiki nzima. Nilitazama nyufa. Ufa wa jiwe una kitovu, na miguu yake hutawanyika kutoka hapo. Hizi zote zilianzia kwenye kona. Nilijua papo hapo. Wale wanafunzi walikuwa nje na mafyekeo yao, mmoja akaniambia, "Shikamoo, fundi," nikaitika marahaba. Sikusema neno. Nilibadilisha vioo, safari hii nikapunguza milimita tatu, nikarudi nyumbani.

Sikudanganya, Salma. Nilipewa sababu, nikaipokea. Imenichukua miaka kuelewa kwamba hivyo ndivyo ninavyotenda mabaya yangu. Sina ujasiri wa kubuni uongo. Huwa nasubiri mtu mwema anibunie, kisha nanyamaza. Ukiniuliza kitu kimoja cha kuogopa duniani, sitakutajia watu wabaya. Nitakutajia ile nafuu inayokuingia mtu anapokupa sababu nzuri ambayo hukuitafuta.

Miaka ile watu walikuwa wanakimbia vita Burundi. Mitumbwi iliingia Kibirizi imejaa watu badala ya dagaa. Pale ufukweni kulikuwa na banda la ghala lililogeuzwa zahanati ya wanaofika, na sisi tuliitwa kuweka luva, vile vipande vya kioo vya kulaza na kusimamisha, madirishani ili upepo wa ziwa usiwapige wagonjwa moja kwa moja. Nilikuwa chini ya ngazi, mikono imejaa puti, mwanamke mmoja mwenye mzigo kichwani akakusogeza kwangu. Alisema, "Nishikie kidogo, dada, nikatafute maji." Sikuwa na mkono safi wa kukushikia. Wewe ndiye uliyenishika, kwenye khanga, ukaacha vidole vyako hapo mpaka saa kumi.

Hakurudi. Wenzake walisema alishapanda lori la kwenda kambini, na kwamba hakuwa mama yako. Alikuokota ng'ambo katika msukumano wa kupanda mitumbwi. Ulikuwa na miaka mitatu hivi. Nilikuuliza jina lako. Ukasema, "Butoyi."

Watu wote waliokuwa karibu walisikia, na wote wakakutazama upya, kwa sababu huku kwetu hakuna asiyejua. Mapacha wakizaliwa, Waha kama Warundi, wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Kwa kutaja jina lako ulikuwa umeshasema kwamba yuko mwenzako.

Tulikupeleka kwa waandikishaji. Walikuwa wamezidiwa, wakatuomba tukae nawe siku chache. Siku chache zikawa mwezi. Bi Zena wa nyumba ya pili aliniona nimekubeba mgongoni, akanipigia kelele kutoka barazani kwake, "Mwamini, wenzio hutafuta mume kwanza, ndiyo mtoto afuate!" Nikamwambia foleni ya waume ilikuwa ndefu, nimepita mlango wa nyuma. Alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini jioni alikuletea uji wa ulezi, na tangu siku hiyo akawa ananiita Mama Fulani, kwa sababu jina lako hakupenda kulitaja. Lilimtia huzuni, alisema. Ni kama kuita mtu na kusikia kwamba mwingine hakuitika.

Hapo nilipata sababu, na sikuitafuta. Nilipokupeleka shule ya awali niliandika Salma, mtoto wa ndugu yetu wa Uvinza. Babu yako alipoliona jina kwenye karatasi aliirudisha mezani.

"Huyu ni Butoyi, Mwamini. Bukuru wake yuko mahali."

"Na kama amekufa, baba?"

"Basi na aitwe marehemu. Lakini usimfute."

Nilimwambia jina ni la shule tu, watoto wasimtanie kuwa mkimbizi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Siku mbili hakusema nami ila habari za vipimo.

Unataka kujua kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi kuliko utakavyojiuliza wewe. Nilikuwa msichana aliyesoma akashindwa, na kila aliyenitazama alikuwa analinganisha. Wewe hukuwa na cha kunilinganisha nacho. Ulikuwa unalala ukishika sikio langu. Ukiamka usiku ulikuwa unagusa uso wangu wote kwanza, paji, pua, mdomo, kama mtu anayekagua mzigo, ndipo unalala tena. Sikuwa nimewahi kuhitajika namna hiyo, na niliamini kwamba kinachonihitaji hivyo ni changu. Sisemi hivyo nijitetee.

Ulipofika miaka minne tulikuwa tunakupa donge la puti iliyoanza kukauka, uliviringishe viganjani mpaka lilainike. Ulikaa chini ya meza hii hii ukiviringisha na kuimba nyimbo ambazo sikuwa nakuuliza maneno yake. Mwalimu wako wa awali alilalamika kwamba madaftari yako yananuka mafuta. Ulijifunza kubeba kioo kikiwa wima, kamwe si bapa, kabla hujajifunza kufunga kamba za viatu. Na Kirundi chako kikawa kinapungua neno moja moja. Niliona kikipungua. Mchana wa Ijumaa moja ulisahau neno la maji.

Ofisi ya watoto ilikuwa imetuagiza kabati bapa la kutundika ukutani, lenye mlango wa kioo, ili picha wanazobandika zisiloweshwe na mvua na watu wazione bila kuzichomoa. Seremala alitengeneza mbao, mimi nikaweka kioo, milimita nne, kizito, kisicho na mawimbi. Nilijivunia kazi ile. Ukisimama mbele yake asubuhi hukuona kioo, uliona nyuso tu.

Ulikuwa na miaka mitano upepo ulipoufungua mlango ule ukaubamiza, kioo kikavunjika. Niliitwa kukibadilisha. Karani, mzee Filbati, alinifungulia kufuli akarudi ndani kwenye kazi zake. Nilisafisha mfereji wa fremu kwa patasi, nikaondoa puti ya zamani, nikaanza kuokota vipande vilivyokwama katikati ya picha. Katika safu ya chini kabisa niliona picha yako.

Ilikuwa ndogo, ya pasipoti. Nguo si zako. Nywele zilinyolewa namna ambayo hatukuwahi kukunyoa. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa: Bukuru, msichana, anamtafuta pacha wake Butoyi, na jina la mama, na jina la kambi.

Nataka ujue hasa nilichofanya, kwa kipimo, kwa sababu nimejidanganya kwa kipimo hichohicho. Sikuitoa picha. Sikuichana. Nilichomoa pini nne, nikaishusha picha pamoja na karatasi yake vidole vinne chini, nikazirudisha pini. Ubao wa chini wa fremu ya mlango ulikuwa na upana wa vidole vitano. Nilipoweka kioo kipya, nikapiga misumari midogo, nikapaka puti kwa mteremko ili maji yatiririke, kisha nikafunga mlango, safu ya chini ilikuwa na pengo dogo pembeni ambalo mtu angedhani limeachwa kwa picha nyingine. Bukuru alikuwa nyuma ya ubao huo wa fremu. Nilijiambia kwamba bado yuko kwenye ubao wa matangazo. Yeyote akifungua atamwona. Lakini kabati lilifunguliwa kwa nadra, na picha mpya zilibandikwa safu za juu.

Mzee Filbati alitoka, akakipitisha kiganja juu ya kioo, akasema, "Fundi wa kike, lakini mkono wa babaye." Nilimshukuru.

Babu yako alikufa mwaka uliofuata. Wiki yake ya mwisho aliniuliza, "Ofisini hawajasema kitu?" Nikamjibu hawajasema. Hilo pia lilikuwa kweli.

Basi mwaka huu, watu wanaporudi kwao na ofisi inafungwa, niliitwa nikachukue vioo vyangu kabla ya kubomoa. Ulikuja nami, umebeba kopo la misumari. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeomba ofisi ile isifungwe na nimeomba iungue, vyote viwili. Mzee Filbati mwenyewe ndiye aliyelifungua kabati na kuutoa mlango kwenye bawaba. Akavaa miwani. Alitazama chini kabisa ya ubao, akakutazama wewe uliyekuwa unahesabu misumari koponi, akatazama tena. Umri umepita, lakini sura ile ni ileile.

"Mama Salma," aliniambia polepole, "hii picha ilikuwa imeteleza."

Naam. Mtu mwema. Alinipa sababu, nami nikaipokea. Imeteleza, nikarudia. Wewe pia ukasema, imeteleza. Speransia alipofika na Bukuru, baada ya wiki sita, mzee Filbati alimweleza hivyohivyo, mvua, pini zilishika kutu, ikateleza, na Speransia akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kukulea, akaniita dada yake. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mikono yake, na nilikuwa nafikiri kwamba picha yenye pini nne haitelezi. Hakuna aliyeuliza kuhusu pini.

Haikuteleza, mwanangu.

Sasa lile nililokuahidi.

Ilikuwa miezi kama mitatu baada ya mimi kubadilisha kioo. Nilikuwa nimerudi pale kuongeza puti kwenye dirisha la ofisi, maana ya kwanza ilikuwa imepasuka kwa jua. Wewe ulikuwa shule. Mwanamke alikuja kwa miguu kutoka upande wa barabara ya Kasulu. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa gauni la kitambaa cha kijani lililoshonwa upya begani kwa uzi mweupe. Alisimama mbele ya kabati akaweka kidole kwenye kioo, juu kabisa kushoto, akawa anakipitisha kwenye kila uso, safu kwa safu, mpaka chini. Alipomaliza alirudi juu akaanza tena. Kichwa chake alikiinamisha upande kama unavyofanya ukiwa hesabu haikubali.

Safari ya tatu alipofika safu ya chini alisimama. Akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwenu, ile uliyokuwa nayo ulipokuja.

"Dada, samahani. Picha ya umwana wanje, mwanangu, ilikuwa hapa. Hapa chini. Mbona siioni?"

Nilikuwa nimeshika kisu cha puti. Ufunguo wa kabati ulikuwa msumarini, mlangoni mwa ofisi, hatua kumi kutoka tulipokuwa. Nikamwambia wanazipanga upya mara kwa mara, aulize ndani.

Alitazama mlango wa ofisi. Askari alikuwa ameketi pale.

"Sina kibali," akasema. "Nimetoka kambini bila kuaga. Hata mdogo wangu hajui. Wakiniona watanirudisha."

Hiyo ndiyo sababu Speransia hajui, Salma. Hakumwambia mtu. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka bila karatasi, na yeye alitoka.

Nilikuwa naweza kwenda kuchukua ufunguo. Nilikuwa naweza kusema, mtoto wako yuko darasani, nusu saa kwa miguu, ngoja tukamchukue. Maneno hayo nimeyasema tangu siku ile mara nyingi, kwa sauti, nikiwa peke yangu hapa mezani. Yanachukua muda mfupi sana kuyasema. Siku ile nilimwambia, "Basi rudi siku nyingine, mama. Labda watakuwa wameirudisha." Alinishukuru. Urakoze cane, alisema, na akaniuliza kama ninao watoto. Nikasema ninaye mmoja. Akasema, "Mungu akutunzie."

Na alirudi siku nyingine. Niliambiwa na mama muuza mihogo pale nje kwamba aliwahi kuja kabla ya hapo pia, kabla sijakutana naye. Mara hii ya mwisho nilikuwa juu ya ngazi upande wa pili wa barabara, kwenye dirisha la duka, na hakuniona. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Alifanya vilevile, kidole juu kushoto, uso kwa uso, mpaka chini kwenye lile pengo. Pale aliweka kiganja chote. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akaondoka kwa miguu kurudi barabara ya Kasulu. Sikumwona tena.

Niliteremka. Kioo kilikuwa na ukungu wa mvua, na juu yake kulikuwa na mistari ya kidole chake, na chini kiganja kizima, kila kidole peke yake. Ni kazi yangu kuacha kioo kikiwa safi. Nilichukua gazeti nikakifuta.

Nimefika mwisho wa ninayoyajua. Nilifikiri nikishaandika nitapata neno la kukuachia, mama huandika barua kwa ajili hiyo. Sina. Siwezi kukuomba unisamehe, kwa sababu aliyepaswa kuombwa hayupo, na wewe huna haki ya kusamehe kwa niaba yake, wala hupaswi kubebeshwa kazi hiyo. Siwezi kukuambia kwamba nilikupenda ndiyo maana. Wanafunzi wa Kidahwe sikuwapenda na nilifanya vilevile. Siwezi hata kukuzuia usiende. Niliyoweza kuyafanya yalikuwa na wakati wake, na mimi nilikuwa nimeshika kisu cha puti.

Nilipanga kuitia barua hii ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukishavuka mpaka. Nimebadili mawazo sasa hivi nikiandika. Ukiikuta kule, kesho asubuhi utakuwa umeshanikumbatia kwenye basi bila kujua unamkumbatia nani, na nitakuwa nimeiba na hilo. Nitakupa leo, ukirudi tu. Ukimaliza kusoma, kama hutaki nikusindikize, Bi Zena atakusindikiza; nimeshamwomba, sikumwambia sababu. Kama unataka kumsomea Speransia, msomee. Kama unataka kuitwa Butoyi kuanzia leo jioni, nitakuita.

Lakini uliyosema juzi usivuke nayo. Hakutosheka. Alikuwa na mmoja, akaja kwa miguu kumtafuta wa pili, bila kibali, mara tatu.

Mama yako,
Mwamini